Winga mwenye mabao 5 tu kwenye mechi 31 za taifa anakuaje gwiji? Jibu kuhusu Alan Morton wa Uskoti

Swali: Shikamoo mwalimu. Nacheza winga ya kushoto kwenye timu ya mtaani kwetu Morogoro na kila siku kocha ananiambia winga asiyefunga ni mzigo. Juzi kijiweni kulikua na ubishi, jamaa mmoja akasema winga bora kuwahi kutokea Uskoti ni Alan Morton wa Rangers. Nikaenda kuangalia nikakuta timu ya taifa kacheza mechi 31 kafunga mabao 5 tu. Sasa ukubwa wake uko wapi hapo? Alafu nasikia mda wote anacheza alikua na kazi nyingine, ni kweli? Na kwa nini hakwenda kucheza Uingereza kama wenzake?

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri na nimelifurahia kwa sababu Morton ni mtu ambaye ukimpima kwa mabao utamkosa kabisa, na wengi wanamkosa hivyo hivyo. Nakujibu moja kwa moja kwanza: ukubwa wake uko kwenye mipira aliyokua anawapa wenzake, na kwenye miaka aliyokaa juu bila kushuka. Mabao yalikua ya ziada tu.

Na hayo mabao yenyewe usiyadharau, maana wewe umeangalia timu ya taifa peke yake. Rangers alicheza miaka 13, mechi zaidi ya 400, na huko katia kambani mabao zaidi ya 100 akiwa winga wa pembeni kabisa, yule wa kukanyaga chaki. Kwa upande wa taifa moja kati ya yale 5 kawafunga Waingereza pale Hampden mwaka 1921, siku Uskoti wameshinda 3-0.

Alafu hizo mechi 31 unaziona chache kwa sababu unazipima kwa kalenda ya leo ambayo mtu anacheza mechi 10 au 12 za taifa kwa mwaka. Enzi zake Uskoti walikua na mechi tatu tu rasmi kwa mwaka, Uingereza, Wales na Ireland, basi, imeisha hiyo, mpaka mwaka ujao tena. Hawajawahi kucheza mechi rasmi na timu ya bara la Ulaya mpaka Mei 1929 walipoenda Norway. Kwa hiyo mtu aliyecheza mara 31 kati ya 1920 na 1932 maana yake ni kwamba kila walipokaa kuchagua timu, jina la upande wa kushoto lilikua limeshaandikwa. Celtic walikua na winga wa kushoto mzuri sana anaitwa Adam McLean, kaishia na mechi 4 za taifa, na aliyekaa mbele yake ni huyu huyu Morton.

Sasa tuanzie mwanzo kidogo. Kazaliwa Glasgow tarehe 24 Aprili 1893, akakulia Airdrie ambako ni ukanda wa makaa ya mawe na chuma, mashariki ya Glasgow. Akasomea uinjinia wa migodi. Kwenye mpira akaanzia Queen's Park mwaka 1913, na hapa inabidi uijue hii klabu maana inaeleza mengi. Queen's Park ilianzishwa 1867, ndo klabu kongwe kuliko zote Uskoti, na ilikua ya ridhaa, yaani mchezaji halipwi hata senti. Usije ukadhani ni timu ya mchangani lakini, wale ndo waliokua wenye uwanja wa Hampden Park, uliofunguliwa 1903 na ukabaki kuwa uwanja mkubwa kuliko yote duniani mpaka Maracanã wa Brazil ulipojengwa mwaka 1950. Na wale ndo waliowafundisha watu kucheza kwa pasi wakati Waingereza bado wanakimbia na mpira mmoja mmoja kwa zamu mpaka wanapokonywa. Morton kakulia kwenye mpira wa namna hiyo.

Mwaka mmoja tu baada ya kuanza, vita ya kwanza ya dunia ikaingia. Ligi ya Uskoti iliendelea ila mechi rasmi za kimataifa zikasimama, na Kombe la Uskoti nalo likasimama. Piga hesabu, kijana ana miaka 21 vita inaanza, mechi yake ya kwanza ya taifa kacheza mwanzoni mwa 1920 ana miaka 26. Miaka ambayo winga anakua na mbio zake zote, kwa upande wa timu ya taifa imepotea. Hizo 31 kazicheza baada ya hapo, ya mwisho dhidi ya Ufaransa mwaka 1932 ana miaka 39. Winga! Miaka 39! Mimi hapo tu nasimama namvulia kofia.

Alikua mfupi, kama sentimita 163, na mwepesi. Kwa mabeki wa zama zile ambao walikua wanaruhusiwa kukugonga bega mpaka ukaanguka nje ya uwanja na refa anaangalia tu, mtu wa mwili ule alitakiwa asimalize nusu saa. Alimalizaje? Kwanza alikua na balansi ya ajabu, anasimama na mpira mbele ya beki, mwili unaenda ndani, mpira unabaki, beki akishahamisha uzito wake mguu mmoja yeye tayari kapita nje. Hakua mtu wa kukimbia tu na mpira mita 40, alikua anamsubiri beki aamue kwanza alafu ndo anamwadhibu kwa uamuzi wake. Pili, alitumia miguu yote miwili, na hili ndo nataka ulisome polepole wewe unayecheza namba hiyo, maana beki akijua winga wa kushoto hana mguu wa kulia kazi yake imekwisha, anakufungia nje unabaki na kona kwenye kibendera. Kwa Morton beki hakua na pa kumfungia.

Kuna habari inayosimuliwa sana Uskoti kwamba utotoni pale nyumbani Airdrie alikua anakaa masaa na masaa anaudokoa mpira ili upite kwenye tundu la mlango wa ghala la chini ya nyumba, mguu huu, mguu ule, mpaka giza linaingia. Ukiangalia alichokua anafanya uwanjani ukubwani habari hiyo inaeleweka kabisa, kwa sababu silaha yake kubwa ilikua mpira wa juu unaoning'inia. Anaudokoa kutoka pembeni, unapanda taratibu, golikipa anaona unakwenda nje au unakwenda kwa mtu wa mbali, anaanza kutoka, kumbe ule mpira unakuja kufa ghafla chini ya mtambaa wa panya. Makipa wakawa hawajui watoke au wabaki, na kipa asiyejua atoke au abaki ameshakusaidia nusu ya kazi. Kumbuka pia ule ni mpira wa ngozi wenye kamba za kufungia, ukinyeshewa unakunywa maji unakua mzito, kuudokoa ukafika unapotaka inahitaji mguu uliofundishwa kweli kweli.

Waingereza walimpachika jina, kishetani kidogo cha bluu, jina linalohusishwa na mwandishi wa michezo Ivan Sharpe ambaye mwenyewe alikua winga na alichukua dhahabu ya Olimpiki 1912 na timu ya Uingereza. Winga mwenzake ndo kampa jina, na kampa kwa sababu alijua anachokiona.

Kabla sijaenda kwenye mechi yenyewe, elewa kidogo mfumo wa wakati ule, maana huwezi kumwelewa winga wa 1920 kwa macho ya leo. Timu zote zilicheza mabeki 2, viungo 3 na washambuliaji 5. Kwenye wale 5 kuna straika katikati, mawinga wawili kwenye chaki, na wawili wanaoitwa insaidi, yaani wanaocheza kati ya straika na winga. Insaidi wa kushoto ndo mtu wa kumlisha winga wa kushoto, wanatembea kwa pea, wanaishi pamoja uwanjani, na Rangers Morton alianza na Tommy Cairns akaja kumalizia na Bob McPhail aliyenunuliwa kutoka Airdrieonians mwaka 1927. Winga wa enzi hizo hakuingia ndani kupiga mashuti kama mnavyofanya nyie sasa hivi, kuingia ndani ni kuwabana insaidi wako na straika. Kazi yake ni kumpeleka beki mbali, kupanua uwanja, kumwaga majalo. Akimwaga mazuri wenzake wanne ndani wanafunga. Kwa hiyo ukimuuliza kocha wa mwaka 1925 winga wako kafunga mangapi atakushangaa, yeye anataka kujua katengeneza mangapi, ila wakati ule hakuna aliyekua anaandika asisti popote, ndo maana leo ukifungua takwimu za Morton unaona mabao tu, ile kazi yake kubwa haiko kwenye karatasi.

Alafu sheria ya kuotea. Mpaka 1925 ilitakiwa uwe na wapinzani watatu kati yako na goli mpira unapopigwa, ndo usiwe umeotea. Mabeki wakajifunza kupanda juu tu, mmoja anasogea mbele washambuliaji wote wameotea, mechi zikawa za kukera. Mwaka 1925 wakapunguza kutoka watatu mpaka wawili na mabao yakafumuka kila mahali. Mawinga wengi waliozoea mpira wa zamani mabadiliko yale yaliwapita. Morton wakati huo ana miaka 32, mtu ambaye ungetegemea ndo anaelekea kutundika daluga, yeye akawa ndo kwanza anaelekea kwenye mwaka wake mkubwa kuliko yote.

Kuhamia kwake Rangers kulitokea kwenye kipindi kigumu cha klabu. Mei 1920 meneja wao William Wilton, mtu aliyekua na klabu tangu enzi na enzi, kafa maji kwenye ajali ya boti pale Gourock. Msaidizi wake Bill Struth, aliyewahi kuwa mwashi wa mawe na mkimbiaji wa kulipwa kabla ya kuwa mkufunzi wa mazoezi, akapewa timu. Usajili wa kwanza wa Struth ukawa Alan Morton. Struth akakaa kwenye kiti hicho cha umeneja mpaka 1954, miaka 34, na mtu wa kwanza kumchagua katika miaka yote hiyo ni huyu winga mfupi wa Queen's Park. Msimu ule ule wa kwanza, 1920-21, Rangers wakachukua ligi kwa pointi 76 kati ya 84 (ushindi ulikua pointi 2 enzi hizo), mechi 42 wakafungwa moja tu, na waliowafunga ni Celtic watani wao wa jadi, siku ya mwaka mpya, tena pale pale Ibrox, uwanjani kwa Rangers wenyewe. Mpaka kufika 1931 Morton alikua na mataji 9 ya ligi.

Kilichomsumbua yeye na wenzake ni Kombe la Uskoti. Rangers walikua hawajalichukua tangu 1903. Mwaka 1921 wakafika fainali wakafungwa 1-0 na Partick Thistle. Mwaka 1922 wakafika tena, wakafungwa 1-0 na timu ya mji wa Greenock ambayo jina lake ni Morton, yaani Morton mtu kafungwa na Morton timu, magazeti yalikua na siku nzuri. Miaka ikawa inapita, ligi wanachukua, kombe linawakataa, mashabiki wa Celtic wana la kuimba.

Basi tuje 1928, hapa nakaa kidogo kwa sababu jibu la swali lako lote liko hapa.

Tarehe 31 Machi 1928, Wembley, Uingereza na Uskoti. Usidhani ilikua mechi ya ubingwa, hapana, wote wawili walikua na mwaka mbaya. Uingereza walikua wameshafungwa na Ireland na Wales, Uskoti wametoka sare na Wales wakafungwa na Ireland, kwa hiyo pale wanagombea kutokushika mkia. Timu ya Uskoti ilipotangazwa watu wakashangaa, maana kati ya wale 11 wanane wanacheza kwenye ligi ya Uingereza, waliotoka nyumbani ni watatu tu, kipa Harkness wa Queen's Park, Dunn wa Hibernian na Morton wa Rangers. Safu ya mbele ilikua Alex Jackson, Dunn, Hughie Gallacher, Alex James na Morton, na mrefu kuliko wote hapo ni Jackson mwenye kama sentimita 170. Upande wa pili Waingereza wana Dixie Dean, mtu ambaye msimu ule ule alifunga mabao 60 ya ligi, rekodi ambayo mpaka leo hakuna aliyeigusa pale. Kapteni wa Uskoti Jimmy McMullan usiku wa kuamkia mechi inasemekana hakua na maneno mengi, kawaambia tu wenzake waende kulala na waombe mvua. Mvua ikanyesha. Uwanja umeloa, wale wafupi wanaocheza mpira wa chini wa pasi fupi wakawa wako nyumbani na mabeki wakubwa wa Uingereza wanateleza.

Dakika za mwanzo kabisa Waingereza waligonga nguzo. Ingeingia ile labda leo tusingekua tunaongea. Mpira ukarudi, ukatembea mguu kwa mguu mpaka upande wa kushoto, Morton akapata nafasi yake, akaumwaga mbele ya goli, na huku kulia kabisa Alex Jackson ambaye ni winga mwenzake akawa ameshaacha chaki yake na kuingia ndani, akaruka akaweka kichwa, bao. Dakika ya 3. James akaongeza la pili kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili ikawa ni darasa, Jackson tena, James tena, Jackson tena. Waingereza wakapata la kufutia machozi mwishoni kwa Bob Kelly. Uskoti 5, Uingereza 1, mbele ya watu zaidi ya 80,000.

Sasa sikiliza vizuri. Mabao matatu ya Jackson siku ile yote matatu yametoka kwenye krosi za Morton. Yote. Winga wa kushoto anapiga, winga wa kulia anamalizia, mara tatu, kwenye mechi moja, ugenini, na beki aliyekua anamkaba upande ule ni Roy Goodall, kapteni wa Uingereza mwenyewe. Ukienda kwenye takwimu za ile mechi jina la Morton hulikuti popote, mabao sifuri. Lakini muulize Goodall siku ile nani kawaua.

Na wakati anafanya hayo alikua bado wiki chache atimize miaka 35, mkubwa kuliko wote kwenye kile kikosi, wakati beki wa kushoto Tommy Law alikua hata 20 hajafikisha. Wale 11 wakaitwa Wachawi wa Wembley na hawakucheza tena pamoja kama walivyo, hata mara moja.

Wiki mbili baadae, tarehe 14 Aprili, fainali ya Kombe la Uskoti pale Hampden, Rangers na Celtic, watu 118,115. Kipindi cha kwanza hakuna kitu, Celtic ndo walionekana bora. Kipindi cha pili Rangers wanashambulia, mpira unaingia, nahodha wa Celtic Willie McStay akauzuia kwa mkono kwenye mstari. Penalti. Kapteni siku ile David Meiklejohn akauchukua mpira mwenyewe, na fikiria miaka 25 yote iko juu ya mabega yake, akaweka ndani. Baada ya hapo ngome ya Celtic ikafunguka, McPhail akaongeza, Sandy Archibald winga wa kulia akapiga mawili, 4-0. Msimu ule Rangers wakachukua ligi na kombe kwa pamoja kwa mara ya kwanza kwenye historia ya klabu. Hapo pia, ukitafuta jina la Morton kwenye wafungaji haulikuti, ila alikua pale kushoto mwanzo mwisho akiwavuta mabeki wa Celtic upande wake.

Mwaka uliofuata, 1929, Waingereza wakaja Hampden kulipiza, Jackson kaumia katoka na enzi hizo hakuna sub, Uskoti wakabaki 10, na bado wakashinda 1-0 kwa bao la Alec Cheyne aliyepiga kona ikaingia moja kwa moja. Morton yumo.

Kwa hiyo wewe na huyo kocha wako, mimi nakushauri hivi. Usimjibu kwa maneno. Mwombe mtu anayekaa nje, hata mdogo wako, ahesabu kwenye mechi zako tatu zijazo mipira mingapi umepitisha ikafika kwa mtu wa kwenu ndani ya boksi, na mingapi imemgonga beki wa kwanza. Winga wengi wa mtaani tatizo lenu sio kutokufunga, tatizo ni kwamba chenga nne zinaisha alafu krosi inamgonga beki wa kwanza au inakwenda nyuma ya goli, sasa hapo kocha ana haki ya kulalamika. Kama mipira yako inafika na straika ndo anakosa, basi hesabu iko upande wako, mwonyeshe. Na huo mguu wa kulia anza nao kesho, tafuta ukuta, chora duara, piga. Huhitaji vifaa.

Sasa la kazi. Ndio ni kweli kabisa. Morton alikua injinia wa migodi na hakuiacha kazi hiyo kwa ajili ya mpira, mda wote yuko Rangers alikua anacheza huku ana ajira yake. Alikua anakuja uwanjani kavaa suti, kofia nyeusi ya duara na mwavuli mkononi, watu wakawa wanamtania kwamba anafanana na wakala wa bima anayepita majumbani kukusanya michango, na hilo nalo likawa jina lake la pili. Kwa Struth, ambaye alitaka wachezaji wake wavae na wajiheshimu kama watu wa maana mjini, huyu alikua mfano tosha.

Na hiyo kazi ndo inajibu pia swali lako la tatu, la kwa nini hakwenda Uingereza. Watu wanadhani Uingereza ndo kulikua na hela, lakini chama cha huko kilikua kimeweka kikomo cha mshahara, kuanzia 1922 mchezaji hawezi kulipwa zaidi ya pauni 8 kwa wiki hata awe nani, na msimu ukiisha zinashuka kuwa 6. Uskoti hakukua na kikomo cha hivyo. Klabu kubwa kama Rangers ingeweza kumlipa mtu wake vizuri, na huyu juu yake ana mshahara wa injinia. Wenzake wa Wembley angalia yaliyowakuta. Alex James alipohamia Arsenal mwaka 1929 ilibidi atafutiwe na kazi kwenye duka kubwa la Selfridges pale London ili kipato kitoshe. Alex Jackson, yule yule aliyefunga matatu kwa krosi za Morton, mtu mzuri kuliko mawinga karibu wote wa kizazi chake, alinunuliwa na Chelsea 1930, wakagombana mambo ya hela, 1932 akaondoka akaenda kucheza timu ndogo nje ya ligi na hakurudi tena kwenye ligi kubwa, wakati huo hata miaka 30 hana. Inaniuma mpaka leo hiyo. Morton aliyemzidi Jackson miaka 12 alikua bado yuko Ibrox anacheza, hakuna wa kumtisha kwa mkataba kwa sababu kesho yake asubuhi ana kazi ya kwenda.

Akatundika daluga 1933 akiwa na miaka 40, na Rangers hawakumwachia aondoke, wakamwingiza moja kwa moja kwenye bodi ya wakurugenzi, akakaa huko miaka mingi sana. Kafariki Desemba 1971, miaka 78. Ukiingia jengo kuu la Ibrox, lile lililofunguliwa mwaka 1929 yeye akiwa bado anacheza, ukipanda zile ngazi za marumaru picha yake kubwa ya kuchorwa ndo inakupokea, kavaa jezi, na klabu ile imepitiwa na wafungaji wengi waliomzidi mabao.